"Anajisaidia" maana yake nini? Uzi wa sisi tunaopokezana wagonjwa wodini

Zamu ya Usiku (mleta uzi)

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Humu mie ni msomaji tu miaka mingi, leo naandika kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni.

Mie ni muuguzi, nafanya kazi Pemba. Hospitali siitaji na msinichimbe. Usiku mmoja nimeingia zamu, wodi ya wanawake. Mwenzangu wa mchana ana haraka, gari ya mwisho ya kwenda kwao haimngoji mtu. Tunapita kitanda kwa kitanda, mkoba uko begani tayari. Tukafika kwa bi mkubwa mmoja, miaka sabini na kitu, kiharusi upande wa kushoto, siku ya nne. Nikauliza, "Huyu vipi?" Akanambia, "Huyu hana tabu, anajisaidia." Tukasonga.

Sasa nyie wenye Kiswahili chenu niambieni. Mie nilisikia kuwa anakwenda chooni mwenyewe. Yeye alikusudia kuwa ukimgeuza kitandani hakuachii mzigo wote, anashika chuma cha ubavuni kwa mkono mzima na kuvuta. Neno moja, na sote wawili tulikuwa sawa.

Alfajiri, adhana inalia, bi mkubwa akaamka anataka udhu. Mie niko kitanda cha mwisho natundika dripu. Nilimwona anateremsha miguu. Hilo ndilo linaloniuma: nilimwona, na nikaendelea na dripu yangu, maana kichwani mwangu huyu ni wa "anajisaidia". Akapiga hatua mbili. Mguu wa kushoto ukabaki nyuma kama si wake, kanga ikamkaba magotini, akaenda chini. Akajikinga kwa mkono wa kulia. Ule mzima. Ukavunjika kwenye kifundo.

Alhamdulillahi yu hai. Lakini mtu aliyebakiwa na upande mmoja, tukamvunjia na huo.

Mwenzangu wa mchana si mzembe, nawaapieni. Alilia kuliko mimi. Tulipokaa kuandika taarifa ndipo tukagundua kuwa hakuna aliyesema uongo na hakuna aliyelala.

Tangu hapo mtu akinikabidhi mgonjwa simruhusu aondoke na neno moja. Nataka anambie watu wangapi wanamwinua, upande upi mzima, anashika nini, anafika wapi, na lini yeye mwenyewe alimwona kwa macho yake. Kwa bi mkubwa yule ingekuwa hivi: "Wawili, mzima kulia, hasimami, anakaa tu ukingoni mwa kitanda, nimemwona leo baada ya alasiri." Pumzi moja. Gari haikuachi.

Nyie kwenu mnakabidhianaje?

Kijiti cha Mswaki

Pole sana dada. Usichezee maneno yetu. Jirani yangu alipigiwa simu usiku na mtoto wake aliyekuwa anamuuguza baba yao, akamwambia "baba kalala". Nyumba nzima ikaanza kulia. Mzee alikuwa anakoroma.

Mchukuzi wa Machela

Afadhali nyie mnaambiwa hata hilo neno moja. Sie tunaosukuma machela tunaambiwa "kamchukue kitanda namba 6 apelekwe eksirei". Basi. Mie nachukua kiti cha magurudumu kwa sababu ndicho kilicho karibu, na breki yake ya kushoto imekufa zamani, tunazuia kwa tofali. Nafika, mgonjwa mwenyewe ananambia, "Kaka, mie nimeambiwa nisikae, nilale chali, mgongo." Kaanguka na bodaboda, wanasubiri waone kama uti wa mgongo umeguswa. Tena nilikuwa nimeshamshika makwapani.

Angekuwa hajitambui je? Mie ningemkalisha.

Na jingine. Tukimwinua mtu wanne tunasema "Bismillahi". Mmoja anainua kwenye "Bis", mwingine anangoja mpaka "llahi". Mgonjwa katikati anapinda kama mkeka. Msidhani nafanya mzaha.

Wodi Thelathini

Mleta uzi, pole, lakini tuseme ukweli. Wagonjwa 30, wauguzi 2, jamaa wa wagonjwa wamejaa mpaka koridoni, dawa za saa 12 hazijatoka. Unataka tusimulie kila mtu anavyopiga hatua? Yatabaki kwenye semina hayo, tunakula maandazi tunarudi wodini mambo yale yale.

Zamu ya Usiku

Wodi Thelathini, nakuelewa na sikubishii hesabu. Ila katika hao 30 wanaokwenda na kurudi kama mimi na wewe si wachache. Hao sema "wazima wa miguu" umalize. Wanaobaki, sita saba hivi, ndio wanaotaka ile pumzi moja. Na siku ile ya bi mkubwa nilipoteza muda wa zamu nzima kwa eksirei, plasta, taarifa na kuwakabili wanawe. Huo muda nao ulitoka wapi?

Magongo Mawili

Mie ni wa mazoezi ya viungo, na uzi huu nimeungoja muda. Kiswahili tunacho, tena kizuri, hatukitumii. Tunaandika zile herufi tatu za Kizungu kwenye faili, nusu ya wanaosoma wanakisia.

Chukueni neno *kukanyaga*. Mguu uliovunjika una daraja zake, na kila daraja inasemeka. *Asikanyage kabisa*: mguu uko hewani, hata kidole hakigusi. *Aguse tu*: ncha inagusa sakafu asiyumbe, kama mtu anayeonja maji ya pwani kabla hajaingia, uzito hauwekwi. *Akanyagie nusu*: huyu tunampimia kwa mizani ya kupimia uzito, anakanyaga mpaka mshale ufike kwenye kilo alizoambiwa, ili mguu ujue nusu ni kiasi gani, maana kwa kukisia kila mtu ana nusu yake. *Akanyage kwa kadiri anavyostahimili*: maumivu ndiyo yanayomwongoza. Halafu *akanyage kama kawaida*.

Sasa linganisheni na lile neno ninalolikuta kila siku: "mtembezeni". Nilimkuta kijana ana vyuma kwenye muundi, siku ya pili ya upasuaji, jamaa zake wamemshika huku na huku wanamzungusha uwanjani kwa fahari, mguu wote chini. Faili limeandikwa atembezwe. Daktari alikusudia kwa magongo mawili, mguu hewani. Hakuandika, kwa sababu kwake yeye hilo halihitaji kuandikwa.

Na nyonga iliyobadilishwa je? Akipasuliwa kwa kupitia nyuma, wiki za mwanzo anakatazwa kukunja nyonga kupita digrii 90, asikunje miguu kuipitisha mmoja juu ya mwingine, asigeuzie vidole ndani. Kitabu kinakuambia "asikae kiti kifupi". Kwetu kiti kifupi ni kipi? Kwetu ni mkeka. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Ni choo cha kuchutama. Ni sijida. Ukimwambia bibi wa Kipemba asikae kiti kifupi atakuitikia "haya mwanangu", akifika nyumbani atakaa chini apepete mchele wake, na hajavunja amri yako hata moja. Lazima vitajwe hivyo vitu kwa majina.

La mwisho, mgonjwa wa kiharusi msimvute kwa ule mkono mlegevu. Nalisema hili mpaka nachoka. Bega lake halina misuli ya kulishikilia, mnalitoa mahali pake. Kiti kiwekwe upande mzima, aelekee huko.

Kamba na Panga

Mie si mtu wa hospitali, nimeingia tu nikasoma na nimejikuta natetemeka. Ndugu yangu alianguka kutoka kwenye mkarafuu msimu uliopita, tawi lilimkatikia. Mkarafuu mnaujua, unavutika na unakatika bila kukuaga. Akavunjika paja. Akalazwa, mguu umefungwa kamba na uzito unaning'inia kule miguuni mwa kitanda.

Daktari alipita asubuhi akasema, "Asisogezwe." Sisi tukaitikia. Tukawa walinzi! Akitaka kujigeuza, mama anamkataza. Akilalamika mgongo unawaka, tunamwambia vumilia, daktari kasema. Muuguzi wa usiku alitaka kumwinua kidogo ampake mafuta, mie mwenyewe nikamzuia, nikamwambia ni amri ya daktari. Naye akaiacha.

Siku ya tano wakamfunua. Kitakoni na kwenye kisigino, vidonda. Kile cha kitakoni kilichelewa kupona kuliko mfupa. Tulikuja kuambiwa baadaye kuwa maana yake ilikuwa ule mguu usitoke kwenye mstari na uzito usiondolewe. Mwili mwingine alitakiwa aunyanyue mara kwa mara.

Nani alaumiwe hapo sijui. Mama yangu mpaka leo anajilaumu yeye.

Dokta wa Shamba

Kamba na Panga, mpe mama yako salamu zangu, na umwambie kosa ni letu. Miaka mingi nimeandika maneno kama "apumzike" na "asisogezwe" nikaona nimeandika maagizo. Hayo yanakwambia kisichotakiwa, halafu yanakuachia mgonjwa mikononi. Siku hizi nikiandika asifanye kitu, mstari wa chini yake naandika anachotakiwa kufanya: "Uzito usiondolewe. Ajinyanyue makalio kwa kushika chuma cha juu, au anyanyuliwe na wawili, kila saa 2, mchana na usiku."

Niongeze mawili ambayo wengi hawakabidhiani.

Kwanza presha ya kusimama. Mgonjwa amelala siku tatu, anakunywa dawa za presha na za kukojoa, miguu yake ina nguvu, kila mtu anasema anatembea. Akisimama, damu inashuka, anaona giza. Mpimeni amelala, kisha amesimama ndani ya dakika 3. Ile namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10 au zaidi, huyo semeni kwenye ripoti: "Miguu mizima, akisimama anaona kizunguzungu, akae kwanza ukingoni." Mwezi wa Ramadhani ndio zaidi, wapo wanaofunga kimya kimya bila kutwambia.

Pili, kilichobadilika. Mgonjwa wa kiharusi aliyetembea jana anaweza asitembee leo, na ukisoma ripoti ya jana umekwisha. Na hasa kiharusi cha upande wa kushoto kama cha bi mkubwa wa mleta uzi. Baadhi yao ubongo hauwaambii kuwa upande ule umeharibika. Ukimuuliza "bibi unaweza kusimama?" atakujibu naweza, na anaamini anachosema. Usimuulize mtu huyo. Mtazame.

Msuka Ukili

Kwa wanaozaa kwa upasuaji jamani msitusahau. Mie nilidungwa ile sindano ya ganzi ya mgongoni, nikarudishwa wodini, shangazi yangu akanifunga kanga akanambia "inuka mwanangu, ukilala sana damu itaganda". Kumbe kasikia kwa muuguzi kuwa leo leo nitainuliwa. Kweli nilitakiwa niinuliwe leo leo, lakini baada ya miguu kurudi! Mie kiunoni kwenda chini sina habari. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mtoto kashikwa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Sikuumia, nilicheka, halafu nikalia.

Dokta wa Shamba

Shangazi yuko sahihi kwamba kulala sana kunagandisha damu, ndiyo maana tunawainua mapema. Kabla hajasimama akunje magoti yote mawili na anyanyue kila mguu ukiwa umenyooka. Akishindwa, bado. Akiweza, akae, ateremshe miguu, atulie, ndipo asimame akiwa na watu wawili. Mwambieni na shangazi, si mgonjwa peke yake. Kwetu sisi shangazi ndiye zamu ya tatu.

Kitabu Wazi

Mnachokitafuta kimeshabuniwa. Kinaitwa SBAR. Unasema hali iliyopo sasa, historia yake kwa ufupi, wewe unaonaje, na unapendekeza nini. Kilianzia kwenye manowari za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, kisha wenzao wa Kaiser Permanente, shirika la hospitali na bima ya afya huko huko Marekani, wakakiingiza hospitalini. Na WHO, Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 walipotoa yale masuluhisho 9 ya usalama wa mgonjwa, mawasiliano wakati wa kukabidhiana mgonjwa ni mojawapo. Tatizo letu ni kutosoma.

Kijiti cha Mswaki

Manowari yetu sie ni boti ya Mkoani.

Mchukuzi wa Machela

😂 Kijiti umesema. Tena hapo kwenye boti ndipo penyewe. Mgonjwa anapelekwa Unguja, barua imeandikwa ugonjwa, damu, dawa, kila kitu. Haikuandikwa anavyobebwa. Bandarini anapokewa na watu wengine kabisa, ngazi ya boti nyembamba, maji yamejaa au yametoka, abiria nyuma wanasukuma. Mtu anauliza "huyu anaweza kupanda mwenyewe?" Jamaa yake anasema "anaweza kidogo". Kidogo hiyo ni ngazi ngapi?

Mie sasa kabla sijamkabidhi mtu wa boti namwambia upande wa kushika na nangoja anirudishie. "Nimekwambia nini?" Wengine wanachukia, wanaona nawafanya watoto. Wakishindwa kurudisha narudia. Hii nilimwona rubani wa kivuko anafanya kwenye redio, anaambiwa namba naye anairudia.

Magongo Mawili

Mchukuzi, hilo la kurudishiwa liwekwe juu ya uzi. Na kwenye kuinua, chagueni mmoja tu wa kusema, awe aliyeshika kichwa, na mkubaliane kabla: "Nikisema *inua*, ndipo." Bismillahi isemwe kwanza, yote, watu wamalize. Kwa mwenye mashaka ya uti anageuzwa gogo zima, kichwa na mabega na nyonga kwa pamoja.

Zamu ya Usiku

Naomba niwaambie tulichojaribu, na kilivyotuumbua.

Nilikata kadibodi za boksi za glavu, nikachora kwa kalamu nene: mtu mmoja au wawili, mkono wa kulia au wa kushoto, bakora au fremu au magongo. Nikafunga kwa uzi miguuni mwa kitanda. Wiki ya kwanza kila mtu kafurahi. Wiki ya pili, mgonjwa wa kitanda namba 3 akahamishiwa dirishani kwa ajili ya joto, kadibodi ikabaki pale pale. Aliyelazwa baada yake alikuwa binti wa malaria, mzima wa miguu, na wanafunzi wa uuguzi wakaja wawili kumwinua kwenda chooni. Binti kashangaa! Lakini ingekuwa kinyume chake, tungerudi kule kule kwa bi mkubwa. Tukahamisha kadibodi kutoka kitandani, sasa inafungwa kwenye kamba ya faili lake, linakwenda naye. Na juu yake tarehe na saa. Isiyo na tarehe ya leo tunaihesabu kuwa haipo.

Wodi Thelathini

Hapo nina swali, na silo la kubisha. Stara iko wapi? Kisiwa hiki kidogo, anayekuja kumtazama mgonjwa ni jirani, ni mkwe, ni mwalimu wa chuoni. Mzee wa watu amechorewa kuwa anashikwa na wawili kwenda haja. Mie baba yangu angerarua.

Zamu ya Usiku

Umegusa. Kuna mzee aliigeuza ya kwake ikatazama ukutani, hakusema neno. Choo tumekiondoa kwenye mchoro, kiko ndani ya faili na mdomoni mwetu tunapokabidhiana, tena kwa sauti ya chini. Nje pamebaki idadi na upande tu.

Na hili la stara lina upande wa pili. Bibi zetu hawaiti. Anaona haya kumwita kijana wa kiume amshike, anaona haya kusema anataka haja, anangoja giza aende peke yake. Kwa hivyo kwenye ripoti tunaongeza: anataka ashikwe na nani, na anaamka saa ngapi kwa ajili ya swala. Kabla ya alfajiri napita na maji na beseni kwa wale waliotajwa. Asiyeweza maji namkumbusha tayamamu, na kwamba dini imeruhusu kuswali kwa kukaa, na akishindwa kukaa, hata kwa ubavu. Wengi wanajua, wanataka tu mtu awaambie kuwa leo wao wamo kwenye hiyo ruhusa.

Kamba na Panga

Mimi kama jamaa wa mgonjwa nina ombi moja. Mkikabidhiana, semeni na sisi tukiwepo, au tuiteni mwisho. Mnaongea juu ya kichwa cha mgonjwa kwa Kizungu nusu, mkiondoka tunabaki kutazamana. Usiku ni sisi tunaomshika.

Wodi Thelathini

Haya, nimejaribu jana zamu ya jioni. Si wote, wanane. Mwenzangu aliyenipokea kanitazama kama nimepandisha. Lakini kitanda cha tano nilipomwambia "mmoja, mzima kushoto, bakora, anafika dirishani, nimemwona magharibi", yeye akanambia, "Mie asubuhi nilimwacha anafika mlangoni." Tukarudi kumtazama sote wawili. Mguu ulikuwa umevimba, shavu la mguu gumu, la moto. Tukamwita daktari. Sikuwa nimeuona huo mguu zamu nzima, wallahi, nilikuwa nimejifunza tu kusema anafika wapi.

Dokta wa Shamba

Ulifanya vizuri kumwita usiku ule ule. Mguu kama huo huenda damu imeganda ndani, haukandwi na hautembezwi mpaka daktari auone. Waambie na jamaa zake wasiuchue kwa mafuta, maana ndilo la kwanza watakalofanya.

Msuka Ukili

Na yule bi mkubwa wa mwanzo je? Umetuacha naye sakafuni.

Zamu ya Usiku

Yuko kwake. Plasta ilitolewa, vidole vya kulia vinakunja lakini chupa ya maji hafungui. Nilikwenda kumtazama na mwenzangu wa mchana, tukachukua ndizi mkono wa tamu. Tulikuta mjukuu, msichana wa miaka kumi na mbili hivi, anamhamisha kutoka kitandani kwenda kitini. Kiti kakiweka upande wa kulia, kasimama kushoto, goti lake kaliweka mbele ya goti la bibi lisiteleze. Mwenzangu akamuuliza kafundishwa na nani. Akasema, "Bibi mwenyewe. Ananambia mie ni mmoja, kwa hivyo nisimwinue mpaka mama arudi kama anataka kwenda mbali."

Bi mkubwa akatutazama sote wawili, akauliza, "Leo mmekuja wangapi?" Tukasema wawili. "Basi nitoeni barazani."